Kupimwa nyumbani au hospitalini, mashine au kifaa cha meno: hesabu ya anayekoroma Nairobi

Mke wangu alikuwa amezoea kukoroma kwangu kama tulivyozoea honi za matatu za Outer Ring. Kilichokuwa kinamwamsha ni pale mkoromo unapokatika ghafla. Anangoja. Anahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, siku nyingine thelathini, kisha ananipiga kiwiko: "Baba Neema, uko?" Hapo navuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, nageukia ukuta, na asubuhi sikumbuki lolote. Ninachokumbuka ni kichwa kizito, na kusinzia saa nane mchana mbele ya kompyuta kazini, Industrial Area, chai ikipoa mkononi.

Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Aina inayowapata wengi ni ile ya koo kujifunga. Ukilala, misuli ya koo na ulimi hulegea, njia ya hewa ikabanwa au kuziba kabisa kwa sekunde kumi au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo tu, kiasi cha kufungua koo, kisha mambo yanaanza upya. Ugonjwa huu huandamana na presha, hasa ile presha sugu isiyosikia dawa. Na dereva anayeugua bila kutibiwa ana hatari ya kupata ajali zaidi ya mara mbili ya dereva mwingine. Kama unaendesha lori la Mombasa au matatu ya Nakuru, haya ni yako.

Mimi nilipimwa nyumbani, kitandani pangu Donholm. Dada yangu mkubwa alipimwa hospitalini, amelala kwenye chumba cha maabara ya usingizi. Mimi natumia mashine ya kusukuma hewa nikilala; jirani yangu wa ofisini anatumia kifaa cha meno cha kuvuta taya. Kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa nimeyaona kwa karibu, na mahali ambapo ningechagua tofauti leo nitasema.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Daktari wa mapafu, au wa masikio, pua na koo, ataanza na maswali manane ambayo unaweza kujiuliza mwenyewe leo jioni. Je, unakoroma kwa sauti inayovuka mlango uliofungwa? Unachoka mchana? Kuna aliyekuona ukikata pumzi? Una presha? Una unene uliopindukia? Umepita miaka 50? Shingo yako ni nene, zaidi ya sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ndiyo tatu au nne ni dalili ya kufuatilia. Tano na kuendelea, uwezekano ni mkubwa. Mimi nilipata sita. Shingo nilipimiwa na mama fundi wa nguo, kwa tepu yake ileile ya kola: sentimita 44. Alicheka, akasema shati la shingo hiyo ni la kushona, dukani sitalipata.

Maswali haya yana kasoro moja: yamewaelekea wanaume. Dada yangu ana miaka 58 na hakoromi sana. Yeye alikuwa analalamika kukosa usingizi, kuamka na maumivu ya kichwa, na kwenda haja ndogo mara nne usiku. Kwa miaka miwili aliambiwa ni mawazo, ni sukari, ni kukoma hedhi. Kumbe baada ya hedhi kukoma ndipo hatari ya apnia kwa wanawake inapopanda, na dalili zao mara nyingi huja kwa sura hiyo. Mama akikwambia halali vizuri, usimwache kwa sababu tu hatikisi mabati.

Saa ya mkononi inayopima usingizi na programu za simu zinaweza kukutia shaka ya haki, lakini hakuna daktari atakayeanza tiba kwa kuzitegemea. Simu ina kazi moja nzuri: mwombe unayelala naye akurekodi dakika mbili, mkoromo na ule ukimya wake. Nilimwonyesha daktari video hiyo kabla sijamaliza kueleza, akaanza kuandika.

Nyumbani au maabara

Kipimo cha nyumbani ni kifurushi kidogo. Unapewa mkanda wa kifuani, mrija mwembamba wa kuingia puani kama ule wa oksijeni, na kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo. Unaonyeshwa jinsi ya kuvaa, unarudi nacho nyumbani, unalala, asubuhi unarudisha.

Maabara ni kitu kingine. Unafika jioni na pajama zako. Mtaalamu anakubandika nyaya kichwani za kusoma ubongo, nyingine pembeni mwa macho, kidevuni, kifuani, miguuni. Kuna kamera ya kukutazama, na kuna mtu aliye macho chumba cha pili usiku kucha. Dada yangu alisema alijiona kama redio iliyopelekwa kwa fundi. Lakini waya ukibanduka, kuna anayekuja kuubandika. Mimi mrija wangu wa puani ulichomoka saa tisa usiku bila mimi kujua, na kliniki iliyonipa ikanieleza kwamba data haitoshi, nirudie. Nikarudia kwa pesa zangu. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kulipia kipimo cha nyumbani: kikiharibika, marudio ni ya nani?

Kwa bei, nyumbani ni nafuu kwa mbali. Kwa starehe pia. Tofauti yenye uzito zaidi lakini imejificha ndani ya ripoti, na inafaa kuielewa kabla hujaishika.

Ripoti yoyote utakayopewa ina tarakimu moja kuu: mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au ilipungua sana. Chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni apnia nyepesi, 15 hadi 30 ya wastani, kupita 30 kali. Sasa, maabara inajua ulilala saa ngapi hasa, kwa sababu inasoma ubongo. Kifaa cha nyumbani hakisomi ubongo. Kinagawanya kwa muda wote kilipokuwa kimewashwa, hata ule uliokuwa macho unasikiliza kesha la kanisa la jirani.

Chukua mfano. Pumzi imekatika mara 96 usiku mzima. Kifaa kiliwaka saa 8: 96 gawanya kwa 8 ni 12, apnia nyepesi. Lakini kama ulilala saa 5 tu, 96 gawanya kwa 5 ni 19, apnia ya wastani. Mtu yuleyule, usiku uleule, majibu mawili na pengine tiba mbili. Kwa hiyo ukiishi mahali penye kelele, sehemu kama Pipeline ambako muziki wa baa ndio saa ya ukutani, kipimo cha nyumbani kinaweza kukupunguzia ugonjwa kwenye karatasi. Chagua usiku wa katikati ya wiki, na andika ulipozima taa, ulipoamka, ulipokaa macho.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vile vibanio vya kidoleni vilishindwa kugundua oksijeni iliyoshuka kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Vinasoma oksijeni kuwa juu kuliko ilivyo. Tarakimu iliyo ukingoni, tuseme 4 au 14, isikutulize upesi kama dalili zako zinapiga kelele. Na rangi ya kucha iondoe; hina pia huchanganya kibanio, basi mwambie anayekupima mapema.

Kwa akina mama wanaokwenda maabara: nyaya za kichwani lazima ziguse ngozi. Dada yangu alikuwa amesuka siku tatu kabla, kazi ya saa sita pale Kenyatta Market, na hakuna aliyemwambia. Akafumua nusu ya kichwa saa mbili usiku, analia na kucheka. Wigi linavuliwa tu. Msuko na nywele za kushonea ni habari nyingine. Uliza ukiwa bado kwenye simu ya kupanga miadi.

Basi nani aende wapi? Kama wewe ni mtu wa kawaida mwenye mkoromo mkubwa, usingizi wa mchana, na huna ugonjwa mwingine mzito, anza nyumbani. Sioni sababu ya kulipia maabara ili kuthibitisha kile ambacho jirani wa ghorofa ya juu anakijua. Lakini kama una moyo unaoshindwa kusukuma damu, ugonjwa mkubwa wa mapafu, uliwahi kupata kiharusi, unatumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, au una udhaifu wa misuli, nenda maabara moja kwa moja. Kwa watu hawa pumzi inaweza kukatika kwa sababu ubongo wenyewe umesahau kutuma amri, koo likiwa wazi, na kifaa cha nyumbani hakikuundwa kwa kazi hiyo. Dada yangu moyo wake una tatizo la valvu, na daktari wake hakusita. Na aliyepimwa nyumbani akaambiwa yuko sawa, huku bado anasinzia kwenye foleni ya Jogoo Road, hajamaliza. Maabara ndiyo hatua yake inayofuata.

Usiku wa kupimwa, kwa njia yoyote, ishi kama siku zote. Ukiacha pombe siku hiyo moja kwa ajili ya kupendeza, unapimiwa mtu mwingine.

Mimi nilitoka na 34. Oksijeni ilishuka hadi asilimia 76. Dada alitoka na 22.

Mashine au kifaa cha meno

Mashine ya kusukuma hewa, ambayo kila mtu Upper Hill huiita CPAP kwa herufi zake, ilibuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1980. Ya kwanza ilitumia injini ya kisafisha vumbi. Wazo lake ni rahisi: hewa yenye mgandamizo mdogo inapita kwenye neli hadi barakoa puani, na hewa hiyo inalishikilia koo wazi kama upepo unavyoshikilia mfuko wa nailoni usinywee. Haiongezi oksijeni, wengi huchanganya hapo. Inazuia mlango kufungwa, basi.

Kifaa cha meno ni vibao viwili, cha juu na cha chini, vinavyovuta taya la chini mbele milimita kadhaa ili ulimi usiangukie koo. Kinatengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya mdomo wako, kisha kinasogezwa polepole kwa wiki kadhaa. Vile vya kuchemsha kwenye maji moto na kung'ata, vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kiatu, sivipendekezi kwa mtu aliyekwisha pimwa na kukutwa na apnia. Vinaweza kupunguza sauti huku pumzi ikiendelea kukatika, na hiyo ni kumziba mdomo mlinzi.

Ukivilinganisha kwa karatasi, mashine inashinda. Inashusha ile tarakimu karibu na sifuri kwa watu wengi, hata wenye apnia kali. Yangu imetoka 34 hadi 3. Kifaa cha meno hushusha kiasi, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa apnia nyepesi na ya wastani. Lakini watu huvaa kifaa cha meno saa nyingi zaidi kuliko wanavyovaa barakoa, na tafiti zilipolinganisha usingizi wa mchana na presha, pengo kati ya vitu hivi viwili lilikuwa dogo kuliko mtu angetarajia. Mashine iliyo kabatini haimtibu mtu. Jirani yangu wa ofisini, apnia yake ikiwa 17, alijaribu mashine ya kuazimwa kwa wiki tatu, akaichukia, akaenda kwa meno. Sasa ana mwaka na nusu. Huwa anabeba kifaa chake kwenye kikopo cha plastiki ndani ya mfuko wa shati, na siku za kwenda Kisumu kwa basi la usiku haulizi kuhusu soketi.

Kifaa hicho kina masharti. Uwe na meno ya kutosha yaliyo imara, fizi zenye afya, taya lisilouma. Asubuhi za mwanzo meno yanakutana vibaya, unatafuna mkate kama wa mtu mwingine, na kwa miaka mingi meno yanaweza kuhama kidogo. Kwa hiyo kuna kurudi kwa daktari wa meno kila baada ya muda. Na baada ya kukizoea, rudia kipimo cha usingizi ukiwa umekivaa. Hatua hii ndiyo watu wanaruka, kwa sababu mkoromo umekwisha na nyumba imetulia.

Hukumu yangu: apnia kali, au ukiwa dereva, anza na mashine. Nyepesi au ya wastani, ukiwa na meno mazuri na maisha ya kusafiri, usione haya kuanza na meno.

Barakoa ndiyo dawa

Nilipoteza muda mwingi nikilinganisha mashine. Ile ya mgandamizo mmoja usiobadilika, au ile inayojirekebisha yenyewe usiku? Kwa matokeo hazipishani sana. Inayojirekebisha ni ghali zaidi, lakini inamfaa aliyepimwa nyumbani kama mimi, kwa sababu hakuna mtaalamu aliyekesha akitafuta mgandamizo wangu. Aliyelala maabara akatafutiwa tarakimu yake anaweza kuridhika na ile rahisi. Kuna na zile za mgandamizo wa aina mbili, mmoja wa kuvuta pumzi na mwingine wa kutoa. Hizo ni za hali maalumu, daktari ndiye wa kuzitaja.

Laiti ningetumia muda huo kwa barakoa. Kuna tatu. Ya puani inafunika pua tu. Ya vijiti laini inaingia kwenye tundu za pua na kuacha uso wazi. Nzuri kwa mwenye miwani, mwenye ndevu, au anayehisi kufungiwa. Ya uso inafunika pua na mdomo pamoja. Muuzaji wa kwanza alinipa ya uso kwa sababu nilimwambia nalala mdomo wazi. Saa kumi alfajiri hewa ilikuwa inanipiga machoni, nikakaza mikanda, ikavuja zaidi, nikakaza tena. Asubuhi nilikwenda kazini na alama ya mikanda kwenye mashavu, mlinzi wa geti akaniuliza kama nilipigana.

Baadaye nilijifunza kwamba ushauri wa kitaalamu ni kuanza na ya puani kwa watu wengi. Ya uso huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi, huvuja zaidi, na huachwa zaidi. Wengi hulala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba. Nilitibiwa pua kwanza, dawa ya kupuliza kwa mwezi mmoja, kisha nikahamia ya puani. Na mto wa silikoni wa barakoa unatakiwa uelee juu ya ngozi. Vaa ukiwa umelala, mashine ikiwa inavuma, kisha legeza mkanda hadi ikaribie kuvuja, halafu rudisha kidogo. Ukiijaribu umekaa kwenye kiti dukani umejaribu kitu kingine, uso hubadilika ukilala.

Kwa hiyo, kati ya muuzaji wa mashine nzuri anayekupa boksi na risiti, na muuzaji wa mashine ya kawaida anayekuruhusu ubadilishe barakoa ndani ya mwezi na anayepokea simu, mimi leo naenda kwa wa pili bila kufikiri. Wiki ya pili ndiyo inayowashinda watu.

Stima, maji na vumbi

Vipeperushi vya watengenezaji havikuandikwa vikifikiria Nairobi. Stima ikikatika mashine inazima. Hutakufa, barakoa ina matundu ya kutolea hewa, utaamka tu na kuivua. Ila usiku huo umepotea. Kinachokula umeme mwingi ni kile kitanki cha maji moto cha kuongeza unyevu. Ukikizima, mashine nyingi hutumia wati 30 au pungufu. Wati 30 kwa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 (50Ah) ina takriban wati-saa 600 ndani, na betri za kawaida za risasi hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo betri moja ya namna hiyo inakutosha usiku mmoja, na sola ya ushago inaweza kufanya kazi hiyo. Uliza kama mashine unayonunua ina waya wake wa kuunganisha moja kwa moja na betri, maana kupitia inveta unapoteza umeme njiani.

Maji ya kitanki yawe yaliyotoneshwa (distilled water). Ya kisima yana madini na yataacha ukoko mweupe. Kuyachemsha hakuondoi madini. Hapa kuna mtego: kwenye vituo vya petroli "maji ya betri" ni jina linalotumika ovyo, mara ni maji safi ya kuongezea, mara ni asidi. Usithubutu kubahatisha. Nunua duka la dawa, chupa iwe na maandishi yanayosomeka. Mwezi Julai, usiku wa baridi, mvuke hugeuka maji ndani ya neli na kukumwagikia puani. Pitisha neli chini ya blanketi au punguza unyevu.

Vumbi la Eastlands hulijaza kichujio upesi kuliko ratiba inavyosema. Kitazame kila wiki. Barakoa oshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa sababu mafuta ya uso hula silikoni.

Kuhusu mwinuko: Nairobi iko juu, takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe. Za zamani zingine zilihitaji kuwekwa kwa mkono, na hapo tunaingia kwenye mitumba.

Mpya au mtumba

Shemeji yuko Texas, amepata mashine karibu bure, anauliza aitume? Swali hili nimeulizwa mara tatu mwaka huu. Jibu langu ni: tuma picha kwanza. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sifongo ya kupunguza kelele iliyo ndani inaweza kumomonyoka na chembe zake kuingia kwenye hewa unayovuta. Mashine kama hizo hazikuyeyuka duniani. Kabla ya kukubali zawadi au kununua kwenye soko la mtandaoni, pata namba ya mashine na uitafute kwenye orodha ya mashine zilizotakiwa kurudishwa. Tazama pia mita ya saa: kila mashine inahesabu ilivuma saa ngapi. Tazama kibandiko cha umeme, kiseme volti 100 hadi 240. Plagi hubadilishwa kwa shilingi chache, transfoma iliyoungua haibadilishwi. Na mgandamizo uliomo ni wa mwenyewe wa zamani. Uwekwe upya na daktari wako.

Barakoa, neli na kichujio vya mtumba hapana kabisa.

Njia nyingine, kwa kifupi

Kupunguza uzito husaidia kweli, na haikatazwi kuunganishwa na mashine. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kila wiki, kwa watu wazima wenye unene uliopindukia na apnia ya wastani au kali, dawa ya kwanza kupata idhini hiyo. Katika majaribio ilipunguza kukatika kwa pumzi kwa mara 25 hadi 29 kwa saa, kwa watu walioanza na takriban 50. Ni dawa ya muda mrefu, na ukiacha, uzito una tabia ya kurudi. Weka hesabu ya mwaka mzima kando ya bei ya mashine kabla ya kusisimka.

Kama apnia yako huja ukilala chali tu, na ripoti itaonyesha, basi mpira wa tenisi ulioshonewa mgongoni mwa fulana ni tiba ya haki. Mama fundi huyohuyo atakushonea.

Upasuaji wa koo kwa watu wazima matokeo yake hayatabiriki, na mimi ningeuweka mwisho. Kwa watoto ni kinyume: mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutokwa jasho, mara nyingi ni tonsili na nyama za nyuma ya pua, na kuziondoa ndiyo hatua ya kwanza. Mpeleke kwa daktari wa koo, usingoje akue.

Kadi italipa?

Tangu Oktoba 2024, kwa bima ya afya ya serikali, tumetoka NHIF tukaingia SHA, na watu wengi bado wanauliza maswali ya kadi ya zamani. Iwe SHA au bima ya kazini, tenganisha maswali mawili: je, mnalipia kipimo? Je, mnalipia mashine? Ni vitu viwili na majibu yanaweza kutofautiana. Uliza mashine iko fungu gani na kikomo chake ni kiasi gani, uliza kama kibali kinatakiwa kabla, na majibu yaje kwa barua pepe. Mimi niliahidiwa kwa simu, na siku ya kulipa aliyeniahidi alikuwa likizo. Barua ya daktari itaje ile tarakimu, oksijeni ya chini kabisa, presha, na kama kazi yako ni ya kuendesha gari. Barua inayosema tu "anakoroma" inarudi kama ilivyokwenda.

Dada bado hajanunua. Tarakimu 22, moyo ule, daktari amesema mashine, na mara mbili amejaribu barakoa zikamwachia alama juu ya pua. Alhamisi ana miadi ya kujaribu ile ya vijiti, Parklands. Amesema safari hii ataomba alale nayo kwenye kitanda chao dakika ishirini, mashine ikivuma, kabla ya kufungua mkoba, na wakikataa kuna duka lingine ng'ambo ya barabara. Nywele amenyoa.